Kufufua chapa ya saa za kupigia mbizi: shajara ya mradi, Februari hadi Novemba

6 Februari

Jina la chapa silitaji humu bado. Wakili ameshikilia hapohapo: mpaka hati ya alama ya biashara itoke Bern, hakuna kuandika jina, hakuna kuonyesha nembo, hata kwa marafiki. Niseme tu kwamba ilikuwa nyumba ndogo ya saa katika milima ya Jura, Uswisi. Iliuza saa za kupigia mbizi miaka ya 1960, ikafunga milango miaka ya 1970, na tangu hapo jina lake huonekana minadani na kwenye droo za wajukuu.

Tuko wanne. Kuna mwenye mtaji, kuna mbunifu, kuna mpiga mbizi wa kulipwa ambaye ndiye mpimaji wetu, na kuna mimi, fundi. Karakana iko Biel, mji ambao Omega na Swatch Group wana makao yao, kwa hiyo ukihitaji skrubu ya ajabu saa nne asubuhi, kabla ya chakula cha mchana umeipata.

Watu hudhani kununua jina lililokufa ndiyo kazi kubwa. Wala. Jina ni karatasi. Kwa sheria ya Uswisi alama ya biashara hulindwa miaka 10, halafu unahuisha. Lakini ukiisajili ukailalia miaka 5 bila kuitumia, mtu mwingine anaweza kuomba ifutwe, na tangu 1 Januari 2017 ombi hilo hupelekwa moja kwa moja kwenye taasisi ya hakimiliki bunifu bila kuanzia mahakamani. Jina letu lilikuwa limeshikwa na kampuni moja ya mapambo katika kundi la 14, ambalo ndilo la saa na vito. Haijauza hata hereni kwa jina hilo. Tumepeleka ombi, tunasubiri.

21 Februari

Ugomvi wa kwanza, na ni wa neno moja: "tangu".

Mwenye mtaji anataka uso wa saa uandikwe jina la chapa, na chini yake "tangu" pamoja na mwaka ule wa zamani. Anasema kila mtu anafanya hivyo. Ni kweli, kila mtu anafanya hivyo. Mfano wa kwanza anaoutoa ni Blancpain, nyumba inayojihesabu tangu 1735. Jina hilo lilikuwa limelala pale Jean-Claude Biver na Jacques Piguet walipolinunua mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kiasi kinachotajwa kuwa takriban faranga 22,000. Wakatangaza kwamba tangu 1735 haijawahi kuwepo Blancpain ya betri na haitakuwepo. Tangazo lilikuwa la kweli, maana wakati wenzao wanatengeneza saa za betri, Blancpain haikuwa ikitengeneza saa yoyote! Mwaka 1992 waliiuza kwa SMH, kundi ambalo leo ni Swatch Group, kwa faranga milioni 60. Ukimsimulia mwenye mtaji hadithi hiyo, anasikia ile milioni 60 tu.

Mimi msimamo wangu ni kwamba miaka zaidi ya arobaini ya kimya haifutwi na neno la herufi tano. Mafundi wale walikufa au walistaafu, mashine zao ziliuzwa kama chuma chakavu. Sisi hatukurithi karakana, tumeomba jina. Mbunifu yuko katikati, anasema tuamue saa ikiwa mkononi. Haya.

19 Machi

Saa ya zamani tuliyoinunua mnadani imefika na nimeifungua.

Kasha ni la milimita 42, lina vichwa viwili vya ufunguo, kimoja kwenye saa mbili (penye namba 2 ya uso) na kingine kwenye saa nne (penye namba 4). Cha juu kinazungusha bezeli, ile pete ya kuhesabia dakika za mbizi, ambayo haiko nje kama ulivyozoea kwenye Submariner ya Rolex. Iko ndani, chini ya kioo. Cha chini ni cha kutilia ufunguo na kurekebisha saa. Vyote viwili vimechorwa mistari iliyopishana kama wavu ili kidole kisiteleze. Nilipogeuza mfuniko nikaona ndani yake alama ya kofia ya mpiga mbizi. Hiyo ni kazi ya Ervin Piquerez S.A. wa Bassecourt, EPSA kwa kifupi. Zama zile hao ndio waliokuwa wakiwafanyia makasha watu chungu nzima: Longines, Jaeger-LeCoultre, Enicar, Universal Genève, Hamilton, na nyumba ndogondogo kama yetu. Kwa hiyo anayesema "kasha la asili la chapa yetu" anasema nusu ya ukweli. Kasha lilikuwa la Piquerez, mashine ilikuwa ya A. Schild wa Grenchen, na chapa iliweka jina, uso na mishale. Hakuna aibu hapo. Ndivyo biashara ya saa ilivyokuwa Uswisi, kila kijiji na kipande chake.

Siri ya kasha hili iko nyuma. Mfuniko wa kawaida unaukaza mpaka mpira wa kuzuia maji unabanwa kisawasawa, na mpira unabaki umebanwa hivyo usiku na mchana hadi uchoke. EPSA waliweka pete ya springi. Juu ya maji mpira haubanwi sana. Ukizama, maji yenyewe yanausukuma mfuniko ndani, na kadiri unavyoshuka ndivyo mpira unavyobanwa zaidi. Waliita Super Compressor. Kwa mipira ya miaka ya 1950, iliyokuwa ikikauka na kupasuka, lilikuwa wazo la mtu mwenye akili.

Mpira wenyewe sikuukuta. Nilikuta ute mweusi unaonata, ukafuata kibano ukining'inia. Nimeusafisha kwa kijiti cha mbao ili chuma kisikwaruzwe, na chini yake mfereji ulikuwa mzima, bila kutu hata chembe.

Halafu rangi ya kung'aa gizani. Usoni, chini kabisa, pameandikwa T SWISS T, maana yake tritiamu, dutu yenye mionzi hafifu iliyokuwa ikiifanya rangi ing'ae. Nilipitisha kipima mionzi juu ya kioo hata hivyo, kwa sababu uso unaweza kuwa umebadilishwa na mishale ikabaki ya zamani yenye radiamu. Kimya. Tritiamu mionzi yake haipenyi kioo. Radiamu ingekifanya kifaa kilie. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12.3, kwa hiyo toka miaka ya 1960 hadi leo haijabaki hata sehemu moja ya ishirini. Gizani saa haionekani kabisa. Lakini unga wake ukiukwangua na kuuvuta puani ni jambo jingine, kwa hiyo mishale imeingia kwenye kifuko na itakaa humo. Wale wanaokwangua rangi ya saa ya zamani mezani huku wanakunywa chai, Mungu awalinde.

2 Aprili

Mashine: Sellita SW200-1, ya La Chaux-de-Fonds. Mipigo 28,800 kwa saa, vito 26 vya kupunguza msuguano, unene milimita 4.6. Fundi yeyote duniani anaijua kwa sababu ni pacha wa ETA 2824-2, mashine ya Uswisi iliyoenea kila mahali. Mbunifu alitamani mashine za zamani za A. Schild zilizobaki maghalani. Nikamuuliza vipuri atavipata wapi mteja wa mwaka 2040. Mjadala ukaisha.

Kasha litachongwa China, mishale na mkusanyo ni Uswisi. Ili saa iandikwe "Swiss Made", sheria ya tangu 2017 inataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza iwe ya Uswisi, mashine iwe ya Uswisi, na mkusanyo na ukaguzi wa mwisho vifanyike hapa. Tumepiga hesabu, tumevuka. Tutalisema la China wazi, kwa sababu likisemwa na mtu mwingine litasikika kama wizi.

Ukubwa: milimita 39. Imepita.

28 Mei

Rangi ya gizani tena, safari hii ya saa mpya. Siku hizi Super-LumiNova inauzwa kwa rangi inayoiga uzee: njano, kahawia, samli. Unanunua saa mpya ikiwa na mishale iliyozeeka tangu kiwandani. Wapenzi wa saa wanaipenda mno, na mwenye mtaji ana takwimu zake za mauzo. Mimi naiona kama kumpaka kijana mvi. Ile njano ya tritiamu ilikuja yenyewe kwa miaka, kila saa na njano yake kutegemea jua na jasho. Zaidi ya hapo, daraja linaloitwa C3, la kijani hafifu, hung'aa kuliko hayo ya kuigiza uzee, na saa ya mbizi kazi yake ni kusomeka gizani. Kiwango cha kimataifa cha saa za mbizi, ISO 6425, kinataka isomeke umbali wa sentimita 25 kwenye giza. Mpiga mbizi wetu akaja akaweka sampuli zote kabatini, akafunga mlango akiwa ndani, akatoka amechagua C3 bila kuambiwa ipi ni ipi.

Nimeshinda hilo. La "tangu" bado.

17 Julai

Sampuli za kwanza za kasha zimefika, na humo ndimo nilimotaka kufika siku zote, kwenye springi.

Kuna saa nyingi sana sokoni leo zenye vichwa viwili na bezeli ya ndani zinazoitwa "compressor". Fungua mfuniko: hakuna springi, hakuna kinachobanwa, ni mfuniko wa kawaida na mpira wa kawaida. Sura imechukuliwa, kazi imeachwa. Christopher Ward wa Uingereza waliirudisha springi ya kweli mwaka 2020, na nawavulia kofia. Kwa hiyo nilisema toka mwanzo: ama tuweke springi, ama tusilitumie neno. Mbunifu akasema tuweke. Mwenye mtaji akauliza itaongeza bei kiasi gani, akajibiwa, akaguna, akakubali.

Tukapima. Tunaandika mita 200 mgongoni, na ISO 6425 inataka kila saa, siyo moja katika mia, ipimwe kwa asilimia 125 ya kina kilichoandikwa. Yaani shinikizo la maji ya mita 250, kwa saa 2. Baada ya hapo shinikizo linashushwa upesi mpaka la kama mita 3, linaachwa kwa saa nzima. Wengi hawaelewi hiyo hatua ya pili ni ya nini. Kama saa imestahimili mita 250, mita 3 itaifanya nini?

Ukitoa saa kwenye tangi, unaipasha moto juu ya bamba mpaka nyuzi kati ya 40 na 45. Halafu unadondosha tone moja la maji ya kawaida katikati ya kioo. Unasubiri dakika moja, unafuta kwa kitambaa. Kama ndani kuna unyevu, utaona ukungu umejikusanya chini ya mahali tone lilipokuwa.

Sampuli ya kwanza, kioo cheupe. Ya pili, duara dogo la ukungu, kama sarafu. Ya tatu, duara.

Nikazirudisha, safari hii nikazipima kina kirefu peke yake bila hatua ya mita 3. Zote safi. Nikazipima mita 3 peke yake bila kina. Ukungu kwenye zilezile mbili.

Kumbe kasha letu lilikuwa hodari chini na legelege juu. Springi yetu ilikuwa dhaifu mno mwanzoni mwa mwendo wake: kwenye mita 250 maji yanaukandamiza mfuniko na hapiti kitu, lakini karibu na uso wa maji hakuna anayeubana mpira ila hiyo springi, na springi haikuwa na nguvu. Ndio udhaifu wa asili wa wazo lenyewe.

18 Julai

Nimempigia ami Mombasa. Ametengeneza saa tangu kabla sijazaliwa, na mengi ya ninayoyajua nimeyaona mezani kwake.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hiyo saa yenu ya maji ishazama?"

Nikamweleza mambo ya tangi na ukungu. Akacheka kabla sijamaliza.

"Wewe waniambia mita mia mbili na hamsini. Saa zote zinoingia maji zikaletwa kwangu, hazikuzama. Watu wamekoga nazo. Mtu yuwatoka juani, saa imoto kama jiwe, yuwajitupa majini pale ufuoni, maji ya kiunoni. Basi. Kesho yuwaja na kioo kimefanya ukungu."

Hiyo ndiyo hatua ya pili ya ISO, imesemwa na mtu ambaye hajaisoma. Saa yenye moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kwenye mita 1 hiyo mvuto ndiyo hatari, na mpira usiobanwa hauna wa kumsaidia. Wateja wetu wengi hawatafika hata mita 40, ambao ndio mwisho wa mbizi ya burudani. Wapiga mbizi wa leo wanategemea kompyuta ya mkononi, saa ya mbizi ni akiba na mapenzi. Lakini wote watakoga nayo.

30 Agosti

Springi mpya, nene zaidi, inaubana mpira tangu mfuniko unapokazwa, na mwendo uliobaki ni mfupi. Mpira pia tumebadilisha, tumechukua laini kidogo, unaoziba kwa kubanwa kidogo. Grisi ya silikoni kwa uchache. Ikizidi inakusanya mchanga.

Sampuli zote zimepita hatua zote mbili. Mbunifu analalamika kwamba sasa mfuniko hausogei vya kutosha kuonekana. Kusogea unasogea, nimeupima.

14 Septemba

Kampuni ya mapambo haikuleta ushahidi wowote wa kutumia jina. Wakili anasema tusianze kushangilia, bado kuna miezi mitatu ya pingamizi baada ya usajili wetu kutangazwa. Hatujashangilia. Mwenye mtaji ameshangilia peke yake.

9 Novemba

Majaribio ya maji ya kweli, ziwa la Biel, asubuhi ya baridi. Mpiga mbizi wetu alivaa glavu nene za neoprini na saa mbili juu ya mkono wa suti, moja ya sampuli na nyingine yake ya kazini.

Bezeli ya ndani ina raha yake. Haigongwi na mwamba, haiingii mchanga, haijizungushi yenyewe. Shida yake ni kwamba unaizungusha kwa kichwa kidogo, na glavu haina hisia. Alipopanda aliniambia mambo mawili. La kwanza, mistari ya wavu kwenye kichwa ni mikali ya kutosha, dole gumba la glavu linaishika. La pili, kwenye giza la mita 20 alishika kichwa kisicho chake. Alishika cha saa nne akidhani ni cha saa mbili.

Hilo la pili ndilo limetushughulisha wiki nzima. Kichwa cha saa nne ndicho cha kurekebisha mishale. Ukikivuta chini ya maji, umefungua mlango. Saa za miaka ya 1960 zilikuwa na hatari hiyohiyo, vichwa vyote viwili vikifanana na hakuna kilichokazwa kwa skrubu. Mbunifu alitaka tubaki hivyo kwa ajili ya sura. Safari hii hata mwenye mtaji alikuwa upande wangu. Cha saa nne sasa kinakazwa kwa skrubu na kimepunguzwa kimo kidogo, cha saa mbili hakikazwi lakini kina mibofyo, unaisikia kupitia glavu: tik, tik, moja kwa kila dakika. Anayetaka kilichofanana na cha zamani kwa kila kitu, cha zamani kipo minadani.

22 Novemba

Kikao cha uso wa saa, cha mwisho kabla ya kupeleka oda. Meza nzima imejaa nyuso zilizochapwa kwa majaribio, zenye "tangu" na zisizo nayo.

Mwenye mtaji alikuja na hoja mpya. Doxa, alisema. Nyumba ya Le Locle, ya 1889, saa yake ya mbizi ya SUB, ya miaka ya 1960, yenye uso wa chungwa ilirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na leo hakuna anayewauliza walikuwa wapi katikati. Na Aquastar, chapa nyingine ya saa za mbizi iliyorudishwa 2020, saa yake ya Deepstar imerudi na watu wanaipenda.

Nikamjibu kwamba watu wanaipenda Doxa kwa sababu ya ile chungwa na bezeli yenye jedwali la mbizi la jeshi la majini la Marekani. Hakuna anayeinunua kwa sababu ya neno "tangu". Na kisa cha pengo lenyewe ni kizuri kuliko neno. Seiko walitoa Astron, saa ya betri, tarehe 25 Desemba 1969. Wafanyakazi wa saa Uswisi walikuwa kama 90,000 mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Nyumba yetu ni mmoja wa waliofagiwa. Kwa nini tulifiche hilo?

Tulipatana hivi. Usoni: jina, mita 200, na maneno "Swiss Made" chini. Ndani ya mfuniko, mahali ambapo EPSA waliweka kofia yao, tutaweka miaka miwili, ule wa kufungwa na ule wa kufunguliwa tena, na kati yake nafasi tupu. Mteja hataiona. Fundi atakayefungua kubadilisha mpira ataiona.

Mwenye mtaji alisema hiyo ni biashara ya ajabu, kulipia uchongaji ambao mteja hauoni. Kisha akatia sahihi oda ya mifuniko 300. Kiwanda kinasema itachukua wiki kumi. Kabla ya hapo nina springi za kupima ugumu moja moja, na wakili ametuma fomu nyingine ya kujaza.